Ganda la Risasi Kutoka Chetambe

Desemba iliyopita, nilipotoka Nakuru ninakofundisha historia na kwenda nyumbani Webuye kwa likizo, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12 alinijia uani akiwa amefumba kiganja. "Mjomba, nimekuwekea kitu chako," akasema, kisha akakifumbua. Lilikuwa ganda la risasi, fupi kidogo kuliko kidole changu cha shahada, limeingia kutu ya kijani, lina tope jekundu ndani, na mdomo wake umebanwa kama shingo ya chupa. Kwenye kitako, katikati kabisa, palikuwa na kishimo kidogo, mahali pini ya bunduki ilipogonga. Umbo hilo linafanana na la maganda ya Martini-Henry, bunduki ambayo majeshi ya Waingereza na askari waliowaajiri barani Afrika waliitumia sana katika miongo ya mwisho ya karne ya 19.

Nililigeuza mkononi kwa muda mrefu kabla sijamwuliza mahali alipoliokota. Akanyosha mkono kuelekea vilima vya Chetambe, vinavyouangalia mji kutoka juu. "Kule juu, trekta ilikopita." Hakukumbuka kama ilikuwa ndani ya handaki la ngome ya kale au nje yake, karibu na mwamba au mbali nao, wala kama lilikuwa peke yake au pamoja na mengine. Alikuwa amekaa nalo mfukoni wiki tatu. Sikumlaumu, kwa maana nilipokuwa na umri wake niliokota vitu vya namna hiyo katika mashamba yale yale na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu waliopita na mizani zao, na pesa niliyopata ilitosha kununua mandazi. Nimejuta miaka mingi, na ndiyo sababu naandika haya.

Kwa wasomaji wasiotoka magharibi mwa Kenya, Chetambe ni mahali ambapo Wabukusu, jamii mojawapo ya Waluhya, walipambana na jeshi la Mwingereza mwaka 1895. Wakati huo C. W. Hobley alikuwa ndiye mwakilishi wa serikali ya kikoloni huko Mumias, na ugomvi ulianzia kwenye bunduki ambazo Wabukusu, waliojulikana kwa wakoloni kwa jina la Kitosh, walikuwa wamezipata na wakakataa kuzisalimisha. Kikosi cha askari kilichotumwa kuzichukua kiliangamizwa. Hobley akaandaa msafara wa adhabu uliokuwa na askari wa Kisudani na wapiganaji kutoka Buganda, pamoja na watu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na mwezi Agosti ngome ya Lumboka ikaanguka. Walionusurika wakakimbilia Chetambe, ngome inayoitwa kwa jina la mzee wa Kitachoni, na hapo pakapiganwa vita ambavyo Wabukusu hawajavisahau. Watu wa ndani walikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache, na waliokuja kuwashambulia walikuwa na bunduki ya rashasha aina ya Maxim, ile ambayo wahenga waliiita bombomu.

Habari za siku hiyo tunazo kutoka pande mbili. Upande mmoja ni maandishi ya Hobley na wenzake, yaliyoandikwa na washindi kwa ajili ya wakubwa wao. Upande wa pili ni masimulizi ya wazee, yaliyopokezanwa katika nyumba na kwenye mikusanyiko, na ambayo kwa muda mrefu wasomi waliyaweka chini ya maandishi hayo kana kwamba mdomo hauwezi kubeba ukweli kama kalamu inavyoubeba. Shahidi wa tatu ni udongo wenyewe, na huyo hajahojiwa ipasavyo. Naamini kwamba udongo wa Chetambe unaweza kuyapima maneno ya pande zote mbili, lakini utafanya hivyo ikiwa tu vitu vilivyomo vitaachwa pale vilipoangukia hadi mtu mwenye ujuzi atakapokuja kuvisoma.

Mfano unaonishawishi zaidi unatoka mbali sana, katika jimbo la Montana nchini Marekani. Mnamo Juni 1876, katika bonde la Little Bighorn, wapiganaji wa Lakota na Cheyenne, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliwashinda askari wa jeshi la Marekani walioongozwa na George Custer, na kikosi kilichokuwa naye hakikubakiza hata mtu mmoja wa kusimulia. Kwa zaidi ya miaka 100 Wamarekani walijadiliana jinsi Custer alivyokufa, huku ushuhuda wa wapiganaji wenyewe, ambao walikuwapo na waliona, ukitiliwa shaka. Mwaka 1983 moto wa nyasi uliunguza eneo hilo na kuacha ardhi wazi. Katika miaka ya 1984 na 1985 wanaakiolojia Douglas Scott na Richard Fox waliongoza kazi ya kulipima eneo, ambamo watu walitembea katika mistari iliyonyooka wakiwa na mashine za kutambua metali, na kila mashine ilipolia palichomekwa kibendera. Hakuna kilichookotwa kabla mahali pake hapajapimwa na kuandikwa.

Kazi iliyofuata katika maabara ndiyo inayonigusa kila ninapowafundisha wanafunzi wangu. Pini ya kila bunduki huacha alama yake kwenye kitako cha ganda, na alama hizo hutofautiana kama alama za vidole vya watu. Kwa kulinganisha maganda chini ya hadubini, waliweza kusema kwamba maganda fulani, yaliyokutwa mahali tofauti, yalitoka katika bunduki moja, na hivyo wakafuata nyayo za mtu mmoja asiyejulikana jina alivyohama kutoka mwinuko hadi mwinuko akipiga risasi. Waligundua pia kwamba wapiganaji wa kienyeji walikuwa na bunduki nyingi za kufyatua mfululizo, na kwamba ulinzi wa askari ulivunjika vipande vipande, jambo ambalo wazee wa Lakota na Cheyenne walikuwa wamelisema tangu mwanzo. Mwaka 1991 serikali ilibadilisha jina la eneo hilo, ambalo awali liliitwa kwa jina la Custer, likawa Little Bighorn.

Sasa rudi Chetambe na ganda la mpwa wangu. Kishimo cha pini kipo, na bado kinaonekana vizuri. Kama tungekuwa na maganda mengine 20 yaliyopimwa mahali pake, huenda tungejua askari walisimama wapi, walisogea vipi, na kama kuna bunduki iliyofyatuliwa kutoka ndani ya ngome kuelekea nje, kwa maana Wabukusu nao walikuwa na bunduki zao. Risasi zenyewe, zile vichwa vya risasi vilivyobonyea, zinaeleza zaidi, kwa kuwa ganda hubaki miguuni pa mpigaji wakati risasi hukaa ilikotua. Mstari kati ya mahali hapo pawili ndio mstari wa vita. Anayeokota ganda moja na kulitia mfukoni amefuta ncha moja ya mstari huo, na hakuna makavazi yanayoweza kuirudisha.

Ngome zetu zina ugumu wake. Lukoba, yaani ngome ya Kibukusu, ilikuwa ukuta wa udongo na handaki lililochimbwa kuuzunguka. Linganisha na Thimlich Ohinga huko Migori, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha zimesimama kwa takriban miaka 500, na mahali pengine zinafika urefu wa mita 4. Mgeni akifika Thimlich haulizi ngome iko wapi. Akifika Chetambe anaweza kuivuka bila kujua, kwa sababu ukuta wa udongo huyeyuka kwa mvua za msimu baada ya msimu, na udongo wake hutiririkia ndani ya lile handaki na kulijaza hadi linabaki kama bonde dogo lenye nyasi ndefu kuliko za jirani.

Lakini handaki lililojaa lina hazina ambayo ukuta wa mawe hauna. Linapojaa, hujaa kwa tabaka, moja juu ya jingine, kama vile kurasa za daftari lililofungwa. Mwanaakiolojia huchimba mtaro mwembamba kulikata handaki kwa mapana, kisha anausoma ukuta wa mtaro wake. Chini kabisa hupata tope laini lililotulia wakati handaki likitumika. Juu yake, kama palichomwa moto, hupata mkaa na mabonge ya udongo wa nyumba yaliyookwa na moto hadi yakawa magumu kama vigae, na mara nyingi kwenye mabonge hayo hubaki alama za fito na matete yaliyokandikwa udongo huo, ingawa fito zenyewe zimekwisha kuoza zamani. Juu ya hapo huja udongo wa ukuta ulioporomoka, na juu kabisa udongo wa mashamba. Mwaka jana, mahali ambapo mvua imekula ukingo, niliona kwa macho yangu bonge la namna hiyo, la rangi ya chungwa iliyoiva, lina mistari miwili sambamba ya fito. Sikuligusa. Nilipiga picha nikiwa nimeweka kalamu kando yake ili ukubwa wake uonekane, na nikaandika tarehe.

Jembe la ng'ombe hupasua ardhi kwa kina cha shubiri hivi, na kwa kina hicho tabaka za chini huwa salama. Trekta huenda chini zaidi. Anayechimba murami na mawe ya kujengea huondoa vyote, na hapo hakuna cha kujadili tena. Nimeshuhudia lori likipakiwa udongo kwenye mteremko ambao babu zetu walisema watu waliukimbilia siku ile, na nilipomwuliza msimamizi kama ana kibali, alinijibu kwa upole tu kwamba yeye ametumwa. Sina haja ya kumtaja mtu wala kampuni. Ninachotaka kueleza ni kwamba mwenye shamba hapa si mwizi. Ana watoto wa kusomesha, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kwa mguu mpaka wa mahali panapopaswa kuachwa.

Si kila uwanja wa vita huacha alama kama hizi. Hapa Nakuru, kutoka dirisha la darasa langu, naiona Menengai, ambako masimulizi ya Wamaasai yanasema kwamba Ilpurko waliwashinda Ilaikipiak, makundi mawili ya wasemaji wa Kimaa, katika karne ya 19 na kuwatupa wengi ndani ya kreta. Wanafunzi huniuliza kwa nini hakuna aliyekwenda kuichimba ili kuthibitisha. Nawajibu kwamba vita vya mikuki huacha vitu vichache sana juu ya ardhi. Mkuki ni mali, na aliyeshinda huuokota, na ukivunjika humpelekea mhunzi aufue upya. Ngao ya ngozi huoza. Na sakafu ya kreta yenyewe, iliyojaa miamba mikali ya volkano iliyoganda, haikubali mtu atembee katika mistari iliyonyooka. Bunduki, tofauti na mkuki, hutapanya takataka zake kila inapotumika, na takataka hizo ndizo ushahidi.

Hata hivyo bahati ya udongo huweza kuhifadhi hata vita vya kale sana. Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, timu iliyoongozwa na Marta Mirazón Lahr iligundua mwaka 2012 mifupa ya watu wasiopungua 27 waliouawa miaka karibu 10,000 iliyopita, wakiwamo wanawake na watoto. Waliangukia kwenye kingo za wangwa ambao baadaye ulikauka, na tope likawafunika kama walivyoanguka. Mmoja alikuwa na kipande cha jiwe la volkano, kikali kama wembe, kikiwa bado kimekwama katika fuvu. Mifupa ya mwanamke mmoja mjamzito ilionyesha kwamba huenda alikuwa amefungwa mikono na miguu. Yote hayo yalijulikana kwa sababu ya namna miili ilivyolala. Lau mchungaji mmoja angeyakusanya mafuvu yale na kuyapanga vizuri chini ya mti kwa nia njema kabisa, tungebaki na mafuvu tu.

Kuhusu mifupa, nilimwendea mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye sisi sote tunamwita Kuka, nikamwuliza kama wanaakiolojia wakija Chetambe angekubali wachimbe. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, wale waliolala kule hawakuzikwa. Ukianza kuchimba lazima ujue utawafanyia nini ukiwakuta." Ni jibu ambalo nimelifikiria sana. Udongo wetu mwekundu una tindikali, na mifupa haidumu ndani yake kama inavyodumu katika tope la Turkana, kwa hiyo huenda wasikutwe wengi. Lakini Kuka ana haki. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, dini ya Wabukusu iliyopinga ukoloni, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa, na serikali ya kikoloni iliogopa mkusanyiko ule kwa sababu ilijua maana yake. Mahali hapo hapakuwa tupu hata siku moja kati ya 1895 na leo. Kazi yoyote ya kisayansi itakayofanywa pale inapaswa kuanza barazani kwa wazee wa Kibukusu na wa Kitachoni, na makubaliano kuhusu mazishi yafanywe kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.

Kule Isandlwana, Afrika Kusini, ambako Wazulu waliwashinda Waingereza tarehe 22 Januari 1879, marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa yanaonyesha hadi leo mahali askari wa Kiingereza walipofukiwa, na mtu akitembea kati ya marundo hayo anaona jinsi mstari wao ulivyorudi nyuma na kukatika. Wazulu waliokufa siku hiyo hawana marundo ya namna hiyo. Nikiwaza hilo naona kwamba Chetambe hatuna rundo hata moja kwa upande wowote.

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakataza kuchimba mahali pa kale bila leseni, na inamtaka anayegundua kitu cha kiakiolojia aonyeshe mahali hasa alipokigundua ndani ya siku 7. Angalia jinsi sheria yenyewe inavyotaka mahali, na si kitu peke yake. Inampa pia waziri uwezo wa kulitangaza eneo katika gazeti rasmi la serikali liwe eneo la kumbukumbu la kitaifa. Tatizo ni kwamba wakulima wengi ninaowajua hawajawahi kuisikia, na wakiisikia huogopa kwamba kutoa taarifa ni kulitoa shamba. Naomba wenye mamlaka ya kaunti na makavazi waende kwenye baraza za machifu wakaieleze kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, na waeleze wazi mwenye shamba atabaki na nini. Pia naomba handaki lipimwe na mpaka wake uwekwe alama za mawe kabla ya msimu ujao wa kulima, hata kama uchimbaji wenyewe utachukua miaka 20 kuanza. Hakuna haraka ya kuchimba. Uchimbaji nao huharibu, kwa sababu tabaka likishakatwa haliunganishwi tena, na wanaakiolojia wazuri huacha sehemu kubwa bila kuigusa kwa ajili ya watu wa baadaye watakaokuwa na vifaa bora kuliko vyetu.

Kisii, ambako Wajerumani na Waingereza walipigana tarehe 12 Septemba 1914, mji umekwisha kukua juu ya sehemu kubwa ya uwanja wenyewe, na yaliyo chini ya maduka na barabara yatabaki huko. Webuye bado hatujafika hapo. Vilima bado viko wazi.

Siku mbili kabla ya kurudi Nakuru nilipanda na mpwa wangu hadi juu. Nilimwambia atembee kama alivyotembea siku ile, asijaribu kunifurahisha, na asimame tu pale ambapo miguu yake itakumbuka. Alisimama mara mbili na kuendelea, kisha akasimama mara ya tatu karibu na kisiki cha mkaratusi na kusema ni hapa, au hapa na pale kwenye jiwe, katikati. Tulipima kwa hatua kutoka ukingo wa handaki, tukachukua vipimo kwa simu, tukachora ramani kwenye karatasi ya daftari lake la hesabu, tukionyesha kisiki, jiwe na upande wa kaskazini. Ganda tulilitia katika mfuko mdogo wa karatasi, bila kulisugua wala kuliosha, na mpwa wangu akaandika maneno kwa mkono wake kwa ajili ya makavazi ya Kitale, ambako tulilipeleka Jumatatu iliyofuata:

"Ganda la risasi 1. Chetambe, nje ya handaki, upande wa mashariki. Hatua 62 kutoka ukingo, kati ya kisiki na jiwe. Liliokotwa mwezi wa Novemba baada ya trekta kulima. Kina: hatujui. Mengine yaliyokuwa karibu: hatukuangalia."